Askari naye aione nchi anayoilinda

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo yatufaa sana sisi tunaoishi na kufanya kazi katika sehemu hii ya magharibi ya Uganda, tangu mjini Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya, Marekani na Japani, wakalipa fedha nyingi na kuvumilia mavumbi ya barabara, ili waje kuwatazama pundamilia wa Ziwa Mburo na gorila wa msitu wa Bwindi. Lakini askari jeshi anayelala katika kambi ya Makenke, na askari polisi anayesimama juani kwenye barabara kuu ya Masaka, huenda akamaliza miaka yake yote ya utumishi asiingie katika lango la mbuga hata mara moja, isipokuwa pale alipotumwa kumsaka mtu.

Twaona kwamba hali hiyo si njema, na kwamba yafaa ibadilike. Hatusemi hivyo kwa kupenda anasa, wala hatutaki kumgeuza askari awe mtu wa kupiga picha na kunywa soda kivulini. Twasema hivyo kwa sababu mtu hulinda vizuri kile anachokijua, na hukilinda vizuri zaidi kile anachokipenda. Mlinzi asiyejua kilichomo katika ghala analolilinda, si ajabu akauza ufunguo wake kwa bei ya sigara.

UTAJIRI ULIO MLANGONI

Tuanze na mto Rwizi, ambao kila askari wa Mbarara ameuvuka mara nyingi bila kuutazama. Mto huo hutoka katika vilima vya Buhweju, ukapita mjini Mbarara na kuwapa wakazi wake maji ya kunywa, kisha ukaelekea mashariki na kulisha mfuatano wa maziwa na mabwawa ya mafunjo. Nakivale ni mojawapo ya maziwa hayo, na Mburo ni jingine, na Kachera ni jingine. Na mwisho wa safari yake maji hayo huelekea Ziwa Viktoria. Mwaka 2006 maziwa na ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, jumla ya hekta 26,834, yaliandikwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar, ambao mataifa yaliutia sahihi huko Iran mwaka 1971 ili kuhifadhi ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima. Basi na ieleweke kwamba maji anayoteka mama mkimbizi kwa dumu lake pale Nakivale, na maji anayonywa kiboko katika mbuga ya Mburo, na maji anayooga askari wa Mbarara asubuhi kabla ya gwaride, ni maji ya ukoo mmoja. Anayefyeka mafunjo na kufyatua matofali kingoni mwa Rwizi anawadhuru wote hao kwa pamoja.

Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Magari yatokayo Kampala hupita kando yake kila siku, na malango yake ya Nshara na Sanga hayako mbali na barabara kuu. Humo mna pundamilia, nyati, pofu, nyamera, kuro, ngiri na chui, na ziwani mna viboko na mamba. Mna swala pala, mnyama ambaye mji mkuu wetu wa Kampala wasemekana kupata jina kutokana naye. Mwaka 2015 twiga 15 waliletwa humo kutoka mbuga ya Murchison Falls, na wamezoea migunga ya hapa kama waliozaliwa hapa. Na kwa kuwa katika mbuga hii hapana tembo, wala hapana simba wa kudumu, mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyamapori, jambo lisilo la kawaida katika mbuga nyingi za nyika.

Tuseme neno moja juu ya simba hao. Mbarara iliwahi kuwa na kikosi cha jeshi kilichoitwa Simba, kikosi kilichotajwa sana katika historia ya nchi hii. Jina likabaki kwenye bendera na midomoni mwa watu, lakini simba wenyewe waliokuwa wakinguruma upande wa mashariki ya mji wakamalizwa. Hapana askari ambaye atafurahi kubeba jina la kitu ambacho watoto wake hawawezi kuonyeshwa.

Wazee wa Ankole husimulia kwamba mahali lilipo ziwa palikuwa bonde, na katika bonde hilo waliishi ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Usiku mmoja Kigarama aliota kwamba hatari ilikuwa inakuja. Asubuhi alimsihi nduguye wahamie vilimani. Mburo alipuuza, Kigarama akapanda peke yake. Maji yakaja, bonde likafunikwa, na Mburo akafia humo. Vilima vikaitwa kwa jina la aliyesikia, na ziwa likaitwa kwa jina la asiyesikia. Kisa hicho kilitungwa na wachungaji, lakini hapana afisa wa ulinzi atakayeshindwa kuona mafunzo yake.

Anayeweza kusafiri mbele zaidi kuelekea magharibi, atakutana na misitu ya mvua. Upo msitu wa Kalinzu, wenye sokwe mtu, katika njia ya kwenda mbuga ya Queen Elizabeth. Upo msitu wa Kibale, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 1993, unaokaliwa na sokwe mtu zaidi ya 1,000. Na upo Bwindi, msitu mnene wa milimani usiopenyeka kwa urahisi, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1994. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018 katika msitu huo na sehemu ya Sarambwe inayoungana nao upande wa Kongo ilikuta gorila wa milimani 459. Ulimwenguni kote wakati huo walijulikana kuwapo 1,063 tu, na wote wako katika nchi tatu: Uganda, Rwanda na Kongo. Kikosi kimoja cha jeshi chaweza kuwa na watu wengi kuliko gorila wote wa milimani walio hai.

BUNDUKI NA WANYAMA

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wanajua vizuri kwamba bunduki ina historia mbili katika mbuga zetu. Moja ni ya aibu, na haifai kufichwa.

Katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo yapata 30,000. Ilipofika miaka ya 1980 waliobaki hawakufika hata 2,000 au wamezidi kidogo tu. Tembo hao hawakufa kwa ukame. Waliuawa kwa silaha, na silaha nyingi kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa watu waliovaa au waliowahi kuvaa sare. Kifaru alitoweka kabisa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilibidi kungojea hadi mwaka 2005 ndipo vifaru wa kuletwa kutoka nje walipoanza kutunzwa huko Ziwa, wilayani Nakasongola. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Katika vita vya mwaka 1979, Mbarara ilipotekwa mwezi Februari na majengo yake mengi kubomolewa, wanyama wa mbuga ya Queen Elizabeth, iliyokuwa ikiitwa Rwenzori tangu mwaka 1973, walipigwa risasi kwa ajili ya nyama na meno na majeshi yaliyokuwa yakirudi nyuma na majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele. Hapana upande uliotoka katika vita vile ukiwa na mikono safi mbele ya wanyama.

Ziwa Mburo nalo lilipata mkasa wake, na mkasa huo una somo la namna nyingine. Mwaka 1983 serikali ya wakati ule ililigeuza eneo hilo kuwa mbuga ya taifa, na familia zinazotajwa kufikia 4,500 zikatolewa humo bila fidia. Mwaka mmoja tu kabla yake, Oktoba 1982, watu wengi wenye asili ya Rwanda walikuwa wamefukuzwa makwao katika wilaya ya Mbarara, na wengi wao wakakimbilia Nakivale. Kwa hiyo nchi ilikuwa imejaa watu wasio na mahali na wenye kinyongo. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1985, waliofukuzwa walirudi mbugani, wakabomoa majengo na kuwaua wanyama kwa makusudi, ili pasibaki kitu cha kuwafanya wahamishwe tena. Mwaka 1987 serikali mpya ililazimika kuipunguza mbuga hiyo hata ikawa chini ya nusu ya ukubwa wake wa kwanza.

Mambo hayo yatufundisha kwamba mbuga hailindwi kwa bunduki peke yake. Amri yaweza kutolewa kwa siku moja, na watu wakaondolewa kwa siku mbili. Lakini ikiwa wanaoishi kando ya mbuga wanaiona kuwa adui, siku mlinzi atakapogeuka nyuma mbuga hiyo itakwisha. Wabatwa, waliotolewa katika msitu wa Bwindi mwaka 1991 baada ya vizazi visivyohesabika, wangali wakiishi na maumivu ya jambo hilo hadi leo. Ndiyo maana twaona ni haki kwamba sheria imeagiza asilimia 20 ya ada za malangoni zirudishwe kwa wananchi wanaopakana na mbuga, na kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka njia ya kumfidia mtu aliyedhuriwa na wanyama. Kazi iliyobaki ni kuona kwamba fedha hizo zinafika kwa mkulima ambaye nguruwe mwitu wamemaliza mihogo yake, wala hazikwami njiani.

DAMU ILIYOMWAGIKA

Historia ya pili ya bunduki ni ya heshima. Tarehe 1 Machi 1999, wapiganaji wa Interahamwe waliovuka mpaka kutoka Kongo walishambulia kambi za wageni huko Buhoma, penye lango la Bwindi. Watalii wanane waliuawa, na afisa mmoja wa mbuga, Mganda, aliuawa pamoja nao. Watu wengi walidhani kwamba huo ndio mwisho wa utalii katika msitu ule. Haukuwa mwisho, kwa sababu majeshi yalisogezwa karibu na msitu, na wageni wakarudi kidogo kidogo.

Tarehe 17 Oktoba 2023, katika mbuga ya Queen Elizabeth, waasi wa ADF waliwaua mume na mke waliokuwa katika fungate, pamoja na kiongozi wao wa safari, raia wa Uganda. Kwa mara nyingine tena kazi ya kurudisha imani ya watu iliwaangukia wanajeshi na polisi. Ng'ambo ya mpaka, katika mbuga ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, askari wa wanyamapori zaidi ya 200 wamepoteza maisha yao kazini kwa miaka mingi ya vita.

Basi twauliza: je, ni haki mtu atakiwe kuwa tayari kufa kwa ajili ya kitu ambacho hajapata kuonyeshwa? Kijana wa miaka 22 aliyetoka Karamoja au Busoga, akawekwa zamu usiku penye mvua ya milimani kando ya Bwindi, huambiwa kwamba nyuma yake mna mali ya taifa. Mali gani? Mgeni akaaye saa moja tu na gorila aweza kuieleza mali hiyo vizuri kuliko yeye aliyeilinda mwaka mzima. Jambo hilo halifai.

ASKARI AENDE VIPI

Wapo watakaotujibu kwamba mshahara wa askari ni mdogo, na kwamba kutembelea mbuga ni mambo ya wazungu. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni ya kweli. Tangu Julai 2024 mgeni atokaye nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani ili kuwaona gorila, na mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Tofauti ni kubwa, lakini shilingi 300,000 si fedha za mchezo kwa askari wa cheo cha chini mwenye karo za watoto. Hata hivyo, Ziwa Mburo ni jambo jingine. Ada yake kwa mwananchi ni ndogo zaidi kwa mbali, na gharama kubwa iliyobaki ni usafiri. Nao usafiri waweza kugawanywa kwa watu 30 au 40.

Sehemu ya pili ya jibu si ya kweli hata kidogo. Mbuga hizi hazikuumbwa na wazungu, wala hazilindwi na wazungu. Wachungaji wa Ankole waliiita nchi hii ya Mburo nchi njema kabla ya kuwako tiketi yoyote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, yote yakiwa katika uwezo wa wakuu wa kambi na wa vituo. La kwanza: kila kambi na kila makao ya polisi ya eneo hili yafanye mapatano na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ili angalau mara mbili kwa mwaka kundi la askari na wake zao na watoto wao waingie Mburo kwa utaratibu na kwa ada ya kundi. La pili: ziara hiyo isiwe matembezi matupu, afisa wa mbuga awaeleze askari sheria, aina za mitego, alama za majangili, na namna ya kutoa taarifa. Askari polisi anayeweza kuitambua nyama ya pofu iliyofichwa chini ya magunia ya ndizi ana faida kuliko vizuizi kumi vya barabarani. La tatu: waanze kupelekwa wale wa vyeo vya chini, kwa sababu wakubwa wanazo nafasi nyingine za kwenda.

Na aendapo, askari aende kama mgeni mwenye adabu. Silaha ibaki ghalani, isipokuwa ya mlinzi aliyepangwa. Asishuke garini pasiporuhusiwa. Kiboko aliye nchi kavu, akiwa amezibiwa njia ya kurudi majini, haogopi nyota za begani. Asiwape nyani chakula. Aendaye msituni kwa gorila au sokwe akiwa na mafua, afadhali asiende, kwa maana maradhi madogo ya binadamu yaweza kumaliza familia nzima ya wanyama hao. Kila kundi la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, na sharti hilo ni la wote, mwenye cheo na asiye na cheo.

Yapo pia mambo ambayo askari apaswa kuyatenda hata asipofika mbugani. Asinunue nyama ya porini, wala asiipokee kama zawadi, hata kama imeletwa ikiwa imekwisha kukaangwa. Kila kipande kinacholiwa kambini ni agizo kwa jangili aende tena. Mwezi Juni 2020, jangili aliyeingia Bwindi kuwinda wanyama wadogo alimchoma mkuki Rafiki, gorila dume aliyeongoza kundi la gorila 17 na aliyezoea kutembelewa na watu. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Aliyeanza kwa kutafuta kitoweo aliishia kuua mnyama ambaye maelfu ya watu walikuwa wamesafiri kuja kumwona, na ambaye vijiji vingi vilipata riziki kutokana naye.

JIRANI ZETU WA NAKIVALE

Sasa twageukia jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea kwanza Wanyarwanda. Leo ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi katika Afrika, na ina wakazi zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Uganda imetimiza methali hiyo kwa kumpa mkimbizi kipande cha ardhi alime.

Wakimbizi wengi wa Nakivale wametoka Kivu, katika nchi ya misitu mikubwa ya mvua na mbuga mashuhuri za Virunga na Kahuzi-Biega. Ajabu ni kwamba mtu mzima aliyezaliwa Rutshuru au Masisi, na kukua akiuona mlima na msitu kwa mbali, mara nyingi hajapata kumwona gorila, kwa kuwa msitu kwake ulikuwa mahali pa kutokea watu wenye bunduki. Na mtoto wake, aliyezaliwa Nakivale, anaishi kando ya ziwa lililo ndugu wa Ziwa Mburo, lakini hajui pundamilia ila katika kitabu cha shule. Mtoto huyo atajifunza wapi kwamba msitu ni kitu cha kutunzwa, na kwamba mtu aliyevaa sare ya kijani msituni aweza kuwa rafiki?

Haifai kudharau hofu za walinzi wa usalama. Ni kweli kwamba mikusanyiko mikubwa ya watu huweza kujificha wahalifu. Ni kweli kwamba miti ya Nakivale imekatwa sana kwa kuni na makaa, na kwamba wapo wanaovua samaki wachanga na kutega wanyama. Lakini makosa hayo hutendwa na wenyeji pia, na kwa sababu ile ile: sufuria haina kitu na jiko halina kuni. Mhalifu akamatwe kwa tendo lake, wala asikamatwe kwa karatasi yake ya ukimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, kwa kufuata masharti ya kiasi yaliyowekwa na sheria. Askari anayemshusha mkimbizi garini na kumwambia atoe kitu kidogo ndipo apite, hailindi sheria hiyo. Anaivunja akiwa amevaa sare.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba shule za Nakivale, ambazo watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji wa Isingiro husoma pamoja, zisaidiwe kupeleka wanafunzi Mburo. Taratibu si ngumu. Mwalimu mkuu aandike barua yenye orodha ya majina. Mkuu wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, aigonge muhuri. Na kituo cha polisi kipige simu kwa vituo vilivyo njiani, ili gari lisisimamishwe mara tano na watoto wakafika langoni jua likizama. Kuhusu ada, yafaa itangazwe wazi kwamba mkimbizi aliyepokelewa Uganda ahesabiwe kama mwana wa Afrika Mashariki. Kongo imekwisha kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Somalia tangu mwaka 2024. Na hata yule aliyetoka Eritrea, ambayo haimo, ni mkulima wa Isingiro kama wengine.

Katika kazi hiyo askari wetu wanacho chombo ambacho maafisa wengi wa kiraia hawana. Lugha ya Kiswahili, iliyotumika katika majeshi na polisi wa Uganda tangu siku za King's African Rifles, ndiyo lugha inayomwunganisha Mkongo na Mrundi katika soko la Nakivale. Askari akimwambia mzee wa Kivu "Shikamoo mzee, habari za safari," amekwisha kufanya kazi ambayo kitambulisho na muhuri haviwezi kuifanya. Mzee aliyesalimiwa vizuri ndiye atakayekuja usiku kuarifu kwamba amewaona watu wasiojulikana wakivuka mafunjo na mizigo.

WAJIBU WETU

Yatupasa kufahamu kwamba mbuga, msitu na ziwa ni mali ya namna ya pekee. Benki ikiibiwa, fedha nyingine zaweza kuchapwa. Daraja likibomolewa, laweza kujengwa, kama Mbarara ilivyojengwa upya baada ya mwaka 1979 hata ikafanywa jiji mwaka 2020. Lakini kifaru wa Uganda hakurudi kwa amri. Waliopo sasa ni uzao wa wageni. Simba wa Mburo hawakurudi, na gorila mmoja aliyechomwa mkuki hawezi kuamriwa asimame.

Twawaomba basi wakuu wa majeshi na polisi katika Mbarara, Isingiro na Kiruhura walifikirie jambo hili katika mipango yao ya mafunzo ya mwaka ujao, na wasilihesabu kuwa starehe. Twawaomba askari wenyewe wasingojee amri; watu wanne wenye likizo wakichanga nauli waweza kwenda Mburo asubuhi na kurudi jioni, na watoto wao wakapata habari ya kusimulia shuleni kwa muhula mzima. Na tunapokutana na gari la shule ya Nakivale kwenye kizuizi cha barabara, likiwa na watoto waliobanana na mwalimu mwenye barua mkononi, tusome barua hiyo upesi, tuhesabu vichwa, kisha tufungue njia.